Mkono wa Kukhu Juu ya Shaba

Wanjiru,

Sweta ziko chini ya sanduku na pasipoti umeishika mwenyewe, kwa hivyo mambo ya safari nimeyamaliza. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa pembeni, ule wenye zipu mbovu, kwa sababu najua huo ndio utakaoukagua kwanza. Ukiisoma, nafikiri utakuwa hewani na hutaweza kunijibu papo hapo. Nimepanga hivyo makusudi. Mimi na wewe tukikaa ana kwa ana, sentensi ya tatu huwa tayari ni ugomvi.

Saa hizi uko Bumula unamuaga kukhu, mama wa mama yako. Mimi niko dukani hapa Matisi, Kitale, jua limeanza kutoka mezani. Kuna mama ameleta redio inayokwaruza. Nimemwambia arudi Jumatano, na alipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba Jumatano sitakuwa hapa. Hilo nitakueleza mbele.

Nataka kukuandikia juu ya kile kitufe cha kugusa cha kukhu. Utasema habari yake unaijua yote, tena kuliko mimi. Kweli. Lakini wewe ulikuwa ndani ya chumba. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, na ya nje hujawahi kuyasikia.

Acha nianzie mbali kidogo. Siku mama yako aliponipeleka kwao Bumula mara ya kwanza, nilivaa suti ya kuazima. Nikafika mlangoni, nikamwona mama yake, nikanyoosha mkono kumsalimia. Kwetu hatubani sana mambo hayo. Mama mkwe unamsalimia, anakumiminia chai, anakuuliza mvua ya kwenu. Sikujua kwamba kule mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai chumba kimoja, na chumba chake cha kulala hata kivuli chako hakifiki. Kukhu aligeuka akarudi jikoni. Mjomba wako Wafula, wakati huo kijana wa shule, alicheka mpaka akakaa chini.

"Ati huyu mtu wa Kitale anataka kumshika mama mkono, bana."

Hadithi hiyo imesimuliwa kwenye kila shughuli ya ukoo ule. Imesimuliwa nikiwepo. Mama yako alikuwa akinifinya chini ya meza ili nicheke, nami nilicheka. Lakini moyoni nilisema: sawa, sheria ni yenu, mimi nitaishika kuliko nyinyi wenyewe. Nikaishika. Nikiona kitambaa cha kukhu kikija njiani, naingia kwenye mahindi. Nikitaka kumwambia neno, namtuma mama yako, halafu wewe ulipokua nikawa nakutuma wewe. Wazee wakanisifu, wakasema mkwe huyu ana adabu. Mimi nilijua jina lingine la adabu hiyo.

Na mama yako alipofariki, walimzika kwao kwa sababu mimi sina shamba. Shamba la baba yangu waligawana ndugu zangu nikiwa nakarabati redio za watu sokoni Kitale, na mtu wa kupanga hana mahali pa kuchimba kaburi. Hakuna aliyenitukana siku hiyo. Walinihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu hapo nikawa naenda Bumula kwa sababu ya kaburi tu, nasimama, naondoka kabla chai haijachemka.

Ndipo kukhu akapata kiharusi.

Wewe ulikuwa chuo Bungoma, mjomba Wafula alikuwa bado anaishi boma lile, nyumba ya pili. Ulinipigia ukasema kukhu hawezi kubonyeza simu, hawezi kubonyeza hata swichi ya taa, vidole vya mkono wa kulia vimekataa na wa kushoto hauna nguvu. Ukauliza kama kuna namna ya kumtengenezea kengele isiyohitaji nguvu. Nilifurahi, Wanjiru. Sitakuficha. Nilifurahi kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu watu wa Bumula wanahitaji ambacho ni mimi tu ninacho.

Unajua nilivyojifunza bodi hizi ndogo za kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa saiba, kwenye intaneti ya kulipia, nikisoma maelezo ya Kiingereza neno kwa neno, kamusi pembeni, mpaka yule kijana wa saiba akaanza kuniita profesa kwa dhihaka. Kitufe cha kugusa nilikipenda kuliko vyote, kwa sababu hakina kitu kinachosogea wala kuchakaa. Kipande cha shaba, waya mmoja, na bodi. Bodi inakijaza kile kipande umeme kidogo, inahesabu, inaumwaga, inajaza tena. Mkono ukikaribia, mwili nao unachukua sehemu yake, na hesabu inashuka. Bodi haijui kidole ni nini. Inajua namba tu.

Nikakaa hapa mezani nikapima. Shaba ikiwa peke yake, namba sitini na nane. Nikiweka kidole changu, ishirini na moja. Nikaweka mpaka katikati, arobaini: ikishuka chini ya hapo, kengele ilie nyumbani kwa mjomba na kwenye simu yako. Nikarudia na kurudia, haikukosea. Ulinipigia ukaniambia, "Baba, njoo upime hapa na mkono wa kukhu." Nikakujibu kwamba shaba ni shaba na mkono ni mkono. Ukweli ni kwamba kupima na mkono wa kukhu kulimaanisha kuingia chumbani kwake, na mimi nilikuwa na sheria yangu ya kujifichia.

Siku ya kufunga unaikumbuka. Wewe ndani na kukhu, mimi nje chini ya dirisha, kompyuta juu ya debe, miguu kwenye samadi, waya umepitishwa dirishani. Nikakuuliza namba, ukasema sitini. Nikasema mwambie aguse. Ukasema amegusa, arobaini na tisa. Nikafikiri hukusoma vizuri. Nikasema mwambie aguse sawasawa. Nikamsikia mwenyewe, kwa sauti ile iliyopinda upande mmoja:

"Uliza huyo fundi, sasa anataka niguse na mguu?"

Mjomba alicheka tena. Mimi sikucheka. Arobaini na tisa. Mkono ule umelima mahindi na maharagwe maisha yake yote, ngozi ni kavu kama ganda, na nguvu ya kuukandamiza hakuna. Unalala tu juu ya shaba. Mpaka wangu wa arobaini haungefikiwa hata kesho yake. Mkono wangu mimi, wa mtu anayekaa kivulini akishika bisibisi, ndio ulioniambia arobaini.

Hapo palikuwa mahali pa kuomba ruhusa niingie, nikae, nitazame anavyoulaza mkono wake, pembe gani, kwa muda gani. Wewe hata ulichungulia dirishani ukaniangalia kama unayeningoja niingie. Mimi nikainama kwenye debe nikaandika upya. Nikaiambia bodi: kila ukiwashwa, pima kwanza shaba ikiwa peke yake, hiyo ndiyo namba yako ya utulivu, chochote kitakachoshuka namba sita chini ya hapo, huyo ni mtu. Kukhu akagusa, king'ora kikalia, kuku wakatawanyika, mjomba akanipa mkono. Niliondoka Bumula siku hiyo kifua mbele. Nilikuwa nimetatua jambo bila kuvuka kizingiti.

Yaliyofuata sipendi kuyaandika, lakini nikiyaruka barua yote ni bure.

Mvua ile kubwa ilipokuja, stima ikapotea kama kawaida. Kukhu alikuwa peke yake chumbani, giza, radi inapiga juu ya mabati. Stima iliporudi bodi ikawaka, ikafanya nilivyoiagiza. Ikapima utulivu. Asubuhi Mama Mercy, yule jirani anayemletea maziwa, akamkuta sakafuni kando ya kitanda, amejilowesha, meno yanagongana, mkono wa kushoto umenyooshwa juu umelala kwenye shaba. Mjomba hakusikia kitu usiku kucha. Simu yako haikulia.

Ulitoka Bungoma kwa bodaboda kabla mvua haijakatika. Mimi huku nilikuwa nakupigia nikikuuliza waya umekatika wapi, kama panya wamekula, kama mjomba alichomoa king'ora. Nililaumu panya, Wanjiru, na nikamlaumu mjomba wako. Wewe hukugusa waya. Ulikaa kitandani kwake ukamuuliza alikuwa ameishikaje. Kisha ukanipigia ukamwekea simu mdomoni nimsikie.

"Nilikuwa nimeishika tangu giza iingie," kukhu alisema. "Niliogopa mvua. Si mlisema nikishika hii, kuna mtu?"

Nilielewa hapo hapo. Wewe hukuhitaji kunieleza hesabu. Bodi iliwaka ikakuta mkono umeshalala juu yake, ikasoma arobaini na tisa, ikaandika hiyo ndiyo shaba ikiwa peke yake. Tangu hapo ilikuwa inangoja arobaini na tatu, na mkono wa kukhu haukuwa na arobaini na tatu. Aligusa, akagusa, akaanguka, akagusa tena akiwa chini. Kwa bodi yangu hapakuwa na mtu.

Nikasema neno ambalo ningelipa kulirudisha. Nilisema, "Nani alimwambia aishike? Kitufe kinaguswa, hakishikwi."

Nilisikia mvua ya huko kwenye simu. Kisha ukasema polepole, bila hasira, "Baba, angeambiwa na nani? Wewe hujawahi kuongea naye."

Mjomba alitaka kile kitufe kitupwe. Wewe ukakaa chumbani kwa kukhu siku kadhaa ukaiandika programu upya. Namba ya utulivu ukaipima mara moja, mkono ukiwa mbali, ukaihifadhi mahali ambapo stima ikipotea haipotei. Ukaongeza betri. Na ukaifundisha bodi kwamba mkono ukikaa muda mrefu bila kuondoka, hiyo nayo ni kuita. Hilo mimi singelifikiria. Kwangu kuita kulikuwa kugusa na kuachia, kama mtu anayebisha hodi. Ulinitumia niitazame. Nilikaa nayo mwezi mzima bila kuifungua, halafu nikaisoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Sikupata. Sikukuambia kwamba sikupata. Nilikujibu kwamba nafasi za mistari hazilingani.

Kuna kitu cha programu yangu ile ya kwanza kimekataa kutoka kichwani. Mkono ukiwepo tangu mwanzo, bodi inauhesabu kuwa ndio utulivu, ndiyo hali ya kawaida, na haiusikii hata ukilia. Tangu mama yako aondoke, kila jioni simu yako ya saa moja ilikuwa inaingia. Nilikuwa naipokea nikiendelea kuchoma waya, nakuitikia hm, hm, nakukatiza kukuuliza bei ya vitu Bungoma. Wiki ile ulipokuwa Nairobi kwa mambo ya viza hukupiga siku mbili. Nilifunga duka mapema nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikawa naangalia simu kama kwamba ndiyo imeharibika.

Sasa twende kwa lile la mwisho, la kengele na safari yako. Ulipomaliza chuo ukahamia kwa kukhu, kwa sababu mjomba alikuwa amepata kazi Malaba akahamisha watu wake, na kengele ikawa inalia kwako peke yako. Ulikuwa unatengeneza simu za watu pale sentani, kwenye maduka ya Bumula, mchana, usiku unalala chumba cha pili. Ilipokuja barua kutoka Ujerumani kwamba wamekukubali kujifunza kazi ya mitambo ya umeme, ulikuja nayo mpaka hapa dukani, umeikunja vizuri, umevaa ile blauzi ya kanisani. Nikaisoma. Nikaiweka chini. Na badala ya yote ambayo baba husema, nikakuuliza, "Na kengele ya kukhu itaitikiwa na nani?"

Ulisema, "Kengele uliitengeneza wewe, Baba."

Ukachukua barua yako ukaenda. Baadaye Mama Mercy ndiye aliyenipigia kuniambia kwamba umeanza kuandika jibu la kuwakatalia. Alisema kwa ukali wake ule, kwamba kama nataka mtoto akae kwa sababu yangu niseme ni kwa sababu yangu, nisimtume mgonjwa wa watu. Nilikasirika nikakata simu. Alikuwa na haki. Kukhu nilimweka mbele kwa sababu kusema "usiniache" kulinishinda, kwa umri huu, mtu niliyezoea kujitengenezea kila kitu.

Kwa hivyo ulipokuwa Nairobi nilienda Bumula. Hukuambiwa, niliwaomba wasikuambie. Nilibeba kompyuta, nikafika saa nne, nikasimama sebuleni, karibu na pazia la chumba chake. Sebuleni nilikuwa sijawahi kufika tangu siku ile ya suti ya kuazima. Mama Mercy akapitisha waya chini ya pazia. Niliongeza namba yangu iwe ya kwanza, yako ya pili. Nikamwomba Mama Mercy amwambie mama ajaribu.

Simu ikalia mkononi mwangu. Nikaizima, nikasema asante, inafanya kazi. Ikalia tena. Nikaizima. Nikaanza kukunja waya. Ikalia mara ya tatu.

Mama Mercy alikuwa anacheka bila kujificha. "Si uingie, Baba Wanjiru. Mama anakuita."

Nikasema hapana, hayo ni majaribio tu, mkono umelala pale.

Na kukhu akasema mwenyewe kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyengoja sana, "Nimekuita wewe. Wafula nimemwambia. Wazee nimewaambia kwamba utaingia. Mkwe wa kunisaidia nimekaa nikimsikia nje ya dirisha kama mwizi. Ingia."

Niliingia, Wanjiru. Chumba ni kidogo kuliko nilivyokuwa nakiwaza miaka hii yote. Nilisimama nikiangalia sakafu. Akaniambia nikae, na kiti ni kimoja, na kiko karibu na kitanda. Nikaona jinsi anavyoulaza mkono: si kiganja, ni upande wa kidole kidogo, na kidole gumba kinabaki juu hewani. Ndiyo maana ile arobaini na tisa. Ningekaa pale dakika moja siku ya kwanza ningeelewa. Nikamwambia hivyo. Akasema hajaelewa hata neno moja, lakini kama nimemaliza kusoma mkono wake, je, nimekula? Kisha akaniuliza habari za mama yako, mambo madogo, alikuwa anapika nini huku Kitale, alikuwa anaimba akifua? Hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza. Mimi pia sikuwahi kuulizwa. Tulikaa mpaka chai ikachemka, na nikainywa.

Kuhusu kazi sina mengi ya kukuambia, wewe umenipita. Ila huko kwa wenzetu watakupa meza safi na vipimo vya bei, na hesabu zitakubali vizuri sana. Bado utoke ukatazame mkono wenyewe. Ukikuta mlango umefungwa, bisha. Na ukiona unashukuru kwamba umefungwa, hapo jichunguze.

Nimepata chumba pale sentani Bumula, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Si ndani ya boma. Mwanamume hahamii kwa wakwe, na hilo hata kukhu hatalibadilisha. Kutoka pale mpaka kitandani kwake ni bodaboda ya muda mfupi, na usiku nitakuwa na pikipiki ambayo mjomba ameniachia. Duka hili la Matisi naliachia. Meza nimeshaiuza, hii ninayoandikia inachukuliwa kesho mchana. Nimetazama chumba chako nikaona alama ya kitanda ukutani, nikafunga mlango. Sijui nitakavyolala usiku wa kwanza. Nadhani vibaya.

Jumatatu nitakaa kwenye kile kiti, na kukhu akiwa anaangalia, nitaitoa namba yako kwenye bodi. Usinipigie kunizuia. Ningeiacha ungekuwa unaamka usiku wa huko, simu iko chini ya mto, unasikiliza kitu usichoweza kukifikia. Nimekufanya usikilize vya kutosha.

Ukitaka kunipigia saa moja, nipigie. Nitaweka chini kila kitu mkononi.

Lakini ukilala huko, mwanangu, lala.

Baba yako